Barua ya Wazi kwa Kamati ya Tamasha: Kurasa Tatu Zilizorudi Mkobani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe wote wa Kamati ya Maandalizi,

KUH: SIKU YA MAZUNGUMZO YA WAANDISHI KATIKA TAMASHA LENU LA FASIHI YA ASIA KUSINI

Salaam, na heshima zenu kwanza.

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliituma kwa barua pepe siku sita baada ya tamasha, nikajibiwa na kompyuta kwamba maoni yangu yamepokewa. Ya pili ilijibiwa na mtu, mistari miwili, kwamba kamati itayazingatia. Ya tatu niliipeleka posta nikailipia isajiliwe, kwa jina la Mwenyekiti mwenyewe. Risiti ya kwamba imefika ninayo, jibu sina. Miezi mitano imepita. Kwetu Mombasa hodi ni tatu, na ukikosa wa kukuitikia unaondoka mlangoni. Nimeondoka mlangoni. Hii ya nne naisoma barazani, kila apitaye asikie.

Naiandika kwa Kiswahili na sababu ninayo. Wajumbe kadhaa nawafahamu. Mmoja amezaliwa Kisumu, wawili Kampala, mwingine alisoma Dar es Salaam hadi darasa la saba. Asubuhi ile ya Jumamosi niliwahi kufika, nikawakuta mnapanga viti, na mlikuwa mkisemezana Kiswahili: leta ile meza huku, weka maji pale, haraka wageni wanakuja. Nilifurahi moyoni kusikia. Kumbe tuna lugha ambayo mimi na nyinyi tunaelewana bila mtu wa katikati, basi naomba tuitumie.

Jina la tamasha silitaji, wala la mtu yeyote. Wahusika mnajijua. Sitaki tamasha life. Nimelihudhuria miaka minne mfululizo, nimenunua humo vitabu ambavyo nisingevipata dukani, na najua mnafanya kazi hii baada ya saa za kazi zenu nyingine. Ni kwa sababu nalipenda ndipo nimeandika barua nne.

Mimi ni mkalimani. Kwa miaka 19 nimefanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza katika hospitali na mahakama za hapa Uingereza. Nimekulia Mombasa, katika nyumba ambayo ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa majirani wenye asili ya Kutch, eneo la Gujarat huko India, kwa hiyo Kikachi nilikisikia kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana mlinialika nimsaidie mgeni mmoja.

Mgeni huyo ni mama wa miaka 81. Nitamwita Bibi, kama ninavyomwita tukiwa wawili. Amezaliwa Mombasa, akaolewa Kampala, na mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, akatoka na watoto wawili na sanduku moja. Anaishi Leicester, mji wa hapa Uingereza, tangu wakati huo. Kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akiandika kwa Kigujarati, katika madaftari ya shule, hadithi za wanawake wa madukani: wanaopima mchele, wanaoficha akiba ndani ya mto wa kulalia, wanaojifunza Kiswahili kwa wateja na Kiingereza kwa redio. Hadithi zake chache zimetoka katika majarida ya Kigujarati. Kitabu hana.

Kwa ajili ya siku yenu aliandaa kurasa nne. Alizinakili upya kwa kalamu nene na herufi kubwa kwa sababu macho yamepungua. Mjukuu wake akazifasiri kwa Kiingereza, ili maneno yaonekane ukutani wakati Bibi anasoma. Maswali angeyajibu kwa Kiswahili nami nikayatoa kwa Kiingereza. Nilipomuuliza kwa nini asijibu kwa Kigujarati akaniambia, "Kigujarati changu cha kuandikia, Kiswahili cha kuzungumzia. Kiingereza ni cha kwenda nacho kwa daktari."

Kikao kiliandikwa kwenye programu saa kumi na nusu jioni, chumba cha juu, dakika 60. Sasa nawaeleza yaliyotokea, maana sina hakika kama mjumbe yeyote aliyaona. Mlikuwa ukumbi mkubwa.

Kikao cha mwandishi mashuhuri kilipitiliza kwa dakika 50. Kilipoisha, chumba cha juu kikachukuliwa ili atie sahihi vitabu vyake. Zikiwa zimebaki dakika tano, kijana wa kujitolea alikuja kutuambia tumehamishiwa sebule ya mbele, karibu na kaunta ya kahawa. Hapakuwa na ukuta wa kuonyeshea maandishi. Hapakuwa na mlango. Palikuwa na viti 14, na watu waliokuja na basi kutoka Leicester kwa ajili ya Bibi walikuwa 31, wengi wao wazee, wengine wakisimamia mikongojo. Kila mteja alipoagiza kahawa mashine ilipiga mvuke, na Bibi alinyamaza hadi imalize, kisha akaendelea. Alinyamaza hivyo mara saba. Nilihesabu kwa sababu kazi yangu ni kusikiliza na sikuwa na la kufanya.

Ukurasa aliousoma unahusu tangazo la gazeti. Mwaka 1972 baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika Uganda Argus likiwasihi Waasia wa Uganda wasiende Leicester. Bibi anasimulia jinsi mumewe alivyolisoma kwa sauti jikoni, akalikunja, akasema mji unaotukataa kwa jina lazima una watu wetu tayari. Wakaja. Waliojua Kigujarati pale sebuleni walicheka, wengine wakafuta macho. Wasiokijua walimtazama tu mama mzee akisoma.

Dakika ya 18 yule kijana akarudi. Kipaza sauti kilikuwa kinahitajika ukumbini. Alikitoa mkononi mwa Bibi kwa adabu, sina neno naye, lakini alikitoa. Hakuna swali lililoulizwa. Bibi akazikunja zile kurasa tatu zilizobaki, akifuata mikunjo yake ileile, akazitia mkobani, akanigeukia akauliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, nimekosea?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nyinyi mnalo. Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Muda unaliwa na nani, na unalipwa na nani.

Kikao kimoja kikipitiliza, dakika zake hutoka kwa mwingine. Siku ile vikao vilikuwa tisa, na vitatu tu vilikuwa vya lugha isiyo Kiingereza: Kitamil, Kiurdu, na hiki chetu cha Kigujarati na Kiswahili. Vyote vitatu viliwekwa chumba cha juu. Vyote vitatu viliwekwa alasiri, wakati ambapo saa zimeshavurugika. Na vyote vitatu vilikatwa. Cha Kiurdu kiliambulia dakika 25. Vile sita vya Kiingereza vilipata muda wake kamili, na viwili vikapata zaidi.

Sisemi kwamba mlikaa kitako mkapanga kumdhalilisha mtu. Naamini hakuna aliyepanga, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Palipotakiwa mtu wa kupunguziwa, mikono ilikwenda yenyewe kwa walewale.

Kuna jambo la kiufundi ambalo pengine hamlijui, kwa hiyo nalieleza. Ukalimani tuliokubaliana ni ule wa kufuatisha: mzungumzaji anasema maneno machache, ananyamaza, mkalimani anayatoa kwa lugha ya pili. Kila jambo linasemwa mara mbili. Dakika 60 za kikao cha namna hiyo ni dakika 30 za mazungumzo. Ukimpa msemaji wa Kiswahili dakika 18 umempa tisa. Mwandishi wa Kiingereza aliyepewa saa nzima akala na dakika 50 za juu amepata karibu mara sita ya dakika 18 za Bibi. Kama kuna vikao vinavyostahili kuongezewa muda katika programu yenu, ni hivi.

2. Ukalimani si kujua lugha mbili tu.

Hili linanihusu kwa kazi yangu, na mtaniwia radhi nikikaa hapa kidogo. Programu yenu iliahidi, kwa maandishi, kwamba "ukalimani utakuwepo". Kwa Bibi mlinialika mimi, nashukuru. Kwa mshairi wa Kitamil hamkumwalika mtu. Mlimpandisha jukwaani mpwa wake, kijana mwenye adabu aliyekuja kumsindikiza mjomba na kumbebea koti.

Nilikuwa mstari wa pili. Mshairi alizungumza kwa karibu dakika nne. Mikono ilipanda, ikashuka, wakati mmoja akafumba macho na sauti ikawa ya chini sana; nadhani alikuwa akikariri kitu cha zamani. Akamaliza, akamtazama mpwa wake. Kijana akameza mate, akasema kwa Kiingereza kwamba mjomba amefurahi sana kuwa hapa leo. Watu wakacheka. Mshairi akaangalia huku na huku, akijaribu kutambua ni lipi kati ya maneno yake lililochekesha, kisha na yeye akatabasamu ili asiwe peke yake.

Nimeona jambo hilohilo wodini, mtoto wa miaka 12 akipewa kazi ya kumweleza mama yake ugonjwa. Huko siku hizi wanajua ni kosa. Mkalimani hufunzwa kukumbuka, kuandika alama za haraka, kuuliza asipoelewa, na kupumzika. Ukalimani wa papo kwa papo, msemaji akiwa bado anasema, hufanywa na watu wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, maana akili huchoka na makosa huanza bila mwenyewe kujua. Kijana yule hakuwa na kosa lolote. Alitwishwa mzigo ambao hata mimi nisingeukubali bila kupewa shairi siku tatu kabla.

3. Wafasiri hawana majina.

Katika meza yenu ya vitabu nilihesabu vitabu 16 vilivyofasiriwa. Kwenye programu, katika maelezo ya waandishi wake, hakuna jina hata moja la mfasiri. Dunia imeshatoka huko. Tuzo ya Booker ya Kimataifa, ya vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiingereza, kwa utaratibu wake wa tangu 2016 huzigawa paundi 50,000 sawa kwa sawa kati ya mwandishi na mfasiri. Mwaka 2022 aliichukua Geetanjali Shree, aliyeandika kwa Kihindi, pamoja na mfasiri wake Daisy Rockwell. Mwaka 2025 ikaenda kwa Banu Mushtaq, aliyeandika kwa Kikannada, na Deepa Bhasthi aliyemfasiri. Ushindi huo mmeutaja katika tangazo lenu kama fahari ya Asia Kusini, na ni fahari kweli. Basi majina yote yaandikwe. Gharama yake ni wino.

4. Wasidi walizungumziwa, hawakuzungumza.

Kikao cha saa sita kilihusu watu wenye asili ya Afrika walioko India na Pakistan: Wasidi wa Gujarat na Karnataka, Washeedi wa Sindh na Karachi. Nilikingoja kwa hamu kuliko vyote. Hawa ni ndugu zetu wa damu. Huko Gujarat ngoma yao wanaiita goma hadi leo, na Mswahili haitaji kamusi hapo. Karachi wana sherehe yao Mangopir, kwenye kaburi la walii lenye bwawa la mamba. Mwaka 2018 Tanzeela Qambrani aliingia bunge la jimbo la Sindh, mwanamke wa kwanza Msheedi kufika hapo, na mwenyewe amesema wazee wake walitoka Tanzania.

Jukwaani walikaa watafiti watatu na mpigapicha mmoja. Picha zilikuwa nzuri. Msidi hakuwepo. Kijana mmoja wa Lyari, mtaa wa Karachi, Msheedi, alikuwa nyuma yangu. Alinyoosha mkono mara mbili, muda ukaisha. Alinijulisha asili yake baadaye, kwenye foleni ya chai, na katika dakika kumi za foleni hiyo nikajifunza kwake zaidi ya niliyoyapata kwenye kikao kizima.

5. Nauli.

Nauli ya Bibi mliahidi kuirudisha. Haijarudi. Kiasi chenyewe ni kidogo na Bibi hataki nikiseme, kwa hiyo sikisemi.

Waheshimiwa, huenda mmoja wenu anawaza kwamba kikao chetu kilikuwa cha pembeni hata hivyo. Kwamba Asia Kusini ni Delhi na Dhaka na Lahore na Colombo, na hadithi za madukani Mombasa na Kampala ni tawi la mbali. Nyinyi mliozaliwa Kisumu mnajua sivyo, lakini acha niliseme.

Maneno yamevuka bahari ile kwa karne nyingi bila pasipoti. Tukisema gari, bima, laki, tunasema maneno yaliyotoka Bara Hindi. Hata chapa, neno tunalochapishia vitabu, limetoka huko. Nayo ya kwetu yakaingia kwao: wanawake wa Kigujarati wa Leicester wanaita fagio fagio, na mihogo inayokaangwa katika mikahawa ya Wembley, hapa London, inaitwa mogo, ni muhogo wetu uliokatwa kichwa. Fasihi ikafuata njia ileile. Mwaka 1938 Gunvantrai Acharya alitoa riwaya ya Kigujarati, Dariyalal, na mahali alipoiweka hadithi yake ni Zanzibar, enzi za biashara ya utumwa. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, ndiye aliyeipata tuzo ya fasihi ya Giller ya kwanza kabisa huko Kanada mwaka 1994. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alipewa Nobel mwaka 2021, na katika riwaya zake wafanyabiashara wa Kihindi wanaingia na kutoka kama watu wa mtaa, kwa sababu walikuwa watu wa mtaa.

Vassanji na Gurnah wanaandika kwa Kiingereza na wamesikika. Walioandika upande huu wa bahari kwa Kigujarati, kwa madaftari ya shule, wakachapwa katika jarida la watu mia kadhaa na kusahaulika, hao hawana pengine pa kusikika. Bibi si peke yake. Katika basi lile la Leicester walikuwemo wanaume wawili wanaoandika mashairi ya ghazal na mama mmoja aliyeandika tamthilia tatu kwa ajili ya jumuiya yao. Wana miaka zaidi ya 75. Mwaka mmoja kwenu ni tamasha moja. Kwao mwaka mmoja ni mrefu.

Najua mtakayojibu, maana mengine nimeyasikia kwa pembeni.

Mtasema hakuna fedha. Vifaa vya kusikilizia ukalimani ni ghali, nakubali, hata mimi singewashauri mvikodi kwa chumba cha watu 40. Lakini karatasi ya tafsiri iliyochapwa na kugawiwa mlangoni ni rahisi kuliko maua yaliyokuwa jukwaani. Mkalimani anaweza kukaa mstari wa nyuma na wasikilizaji watano akawanong'oneza. Mjukuu wa Bibi alifasiri kurasa nne bure. Zingetolewa nakala 50, sebule ile ingeelewa kila neno, hata na mashine ya kahawa ikipiga kelele. Nililisema hili katika barua ya kwanza.

Mtasema Kiingereza ndicho kinachotuunganisha, Mtamil na Mbengali wataongea nini? Hoja hii ina uzito na siidharau. Mimi mwenyewe nakula kwa Kiingereza. Lakini Mwenyekiti katika hotuba yake ya ufunguzi aliwakumbuka wanafunzi waliopigwa risasi Dhaka tarehe 21 Februari 1952 kwa kudai Kibengali kitambuliwe kuwa lugha ya taifa, na akakumbusha kwamba UNESCO mwaka 1999 iliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya lugha ya mama duniani. Maneno yake yalinigusa, nikayaandika. Ninachoomba ni kwamba yaliyosemwa saa nne asubuhi yawe bado yanafanya kazi saa kumi na nusu jioni.

Na tazameni wenzenu wa huko. Katika tamasha la Jaipur, India, lililoanza 2006, Kihindi na Kirajasthani vina majukwaa. Karachi, tangu 2010, Kiurdu na Kisindhi vinakaa bega kwa bega na Kiingereza. Kozhikode, kule Kerala, watu hufurika ufukweni kusikiliza waandishi wa Kimalayalam. Akademia ya fasihi ya India, Sahitya Akademi, hutoa tuzo zake katika lugha 24 kila mwaka. Asia Kusini yenyewe haioni haya na lugha zake. Iweje sisi tuliohama ndio tuzifiche sebuleni?

Mtasema wasikilizaji wa vikao hivyo ni wachache. Kwa kikao chetu viti vilikuwa 14 na watu 31 wa basi peke yake, bila kuhesabu wapita njia waliosimama.

Na mtasema vijana wa kujitolea walichanganyikiwa siku ile. Walichanganyikiwa, ndiyo, na walifanya kazi tangu alfajiri. Lakini kijana hawezi kumwambia mwandishi mashuhuri kwamba muda wako umekwisha, bwana. Hiyo ni kazi ya mtu mzima wa kamati, na mtu huyo hakuwepo.

Basi ninachoomba ni hiki. Kabla programu ya mwaka ujao haijakwenda kwa mpiga chapa, kamati iandike hadharani kwamba kila kikao kitaanza na kuisha kwa saa yake, na imtaje kwa jina mjumbe atakayekuwa na dhamana ya kusimamisha kikao kilichopitiliza, awe nani aliyeko jukwaani. Vikao vya lugha zisizo Kiingereza viwekwe asubuhi, angalau viwili katika ukumbi mkubwa, na vyenye ukalimani wa kufuatisha vipewe dakika 90. Kila msemaji anayehitaji mkalimani apatiwe mkalimani aliyesomea kazi, na mkalimani apewe maandishi wiki moja kabla. Nipo tayari kuwatafutia wenzangu wa Kitamil, Kiurdu, Kibengali na Kigujarati wenye sifa, bila kuwatoza ada ya kuwatafuta. Majina ya wafasiri yaandikwe popote jina la mwandishi lilipoandikwa. Kikao kinachohusu watu fulani kiwe na mtu wao juu ya jukwaa. Nauli zilipwe siku hiyohiyo, kabla mgeni hajapanda basi.

Na Bibi aombwe radhi. Naomba isiwe barua ya kompyuta. Mjumbe mmoja apande treni hadi Leicester, anywe chai kwake, amwambie kwa Kiswahili. Atawapokea vizuri, na chai yake ina tangawizi nyingi.

Nasubiri jibu hadi mwisho wa mwezi ujao. Likija nitaliweka hadharani kama nilivyoiweka barua hii, neno kwa neno. Lisipokuja, watu 27 kati ya wale 31 wameshaniambia kwamba mwaka ujao hawatakodi basi, na mimi sitawashawishi.

Jana usiku nilimpigia Bibi nikamsomea barua hii yote, kwa sababu inamhusu na nilitaka ridhaa yake. Alinirekebisha mahali pawili. Kisha akasema zile kurasa tatu bado zimo mkobani, hajazitoa, na akiitwa tena atakuja, ila safari hii anataka ajue mapema ni chumba kipi na kama kina mlango.

Wenu katika kazi,

Mkalimani, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa London